Watoto wa Ufini Waliopelekwa Uswidi

Vita vinapozuka, watu huulizana haraka namna ya kuwatoa watoto katika hatari, lakini ni wachache wanaouliza watoto hao wataondoka na nani. Swali hilo la pili ndilo lililonifanya nifuatilie habari za watoto wa Ufini wapatao 70,000 ambao, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipelekwa nchi jirani bila wazazi wao, wengi wao Uswidi.

Umoja wa Kisovieti uliishambulia Ufini tarehe 30 Novemba 1939. Miji ilipigwa mabomu, akina baba walikuwa mstari wa mbele, akina mama walizishika kazi zilizoachwa na wanaume, chakula kilikuwa cha mgao, na zaidi ya watu 400,000 wa Karelia, eneo la mashariki, walipoteza makazi yao. Familia za Uswidi zilijitolea kupokea watoto. Mama aliyempandisha mwanawe kwenye treni, akiwa na kibandiko cha jina shingoni, alifanya hivyo kwa mapenzi, na sioni aliye na haki ya kumlaumu.

Mengi husimuliwa juu ya safari ya kwenda, ilhali mimi naona kurudi kulikuwa na uchungu wake mkubwa. Mtoto aliyeondoka akiwa na miaka mitatu au minne, akalelewa na watu wema kwa miaka kadhaa, alisahau Kifini. Aliporejeshwa alikabidhiwa kwa mama ambaye hawakuweza hata kuzungumza, huku akimlilia yule mwingine aliyekwisha kumwita mama. Aling'olewa mara mbili. Maelfu hawakurudi kabisa. Na waliorudi waliikuta nchi inayojijenga upya na kulipa fidia ya vita, ambamo mtoto aliyekuwa ameishi penye amani na shibe alitarajiwa kushukuru na kunyamaza.

Miongo mingi baadaye, watafiti walizipitia kumbukumbu za hospitali na kuwalinganisha waliopelekwa na ndugu zao wa tumbo moja waliobaki nyumbani, ulinganisho wenye thamani kubwa kwa sababu watoto hao walitoka katika umaskini uleule na malezi yaleyale. Kwa jumla, waliopelekwa hawakulazwa zaidi kwa maradhi ya akili. Lakini wanawake miongoni mwao walilazwa zaidi kwa maradhi ya hisia, kama sonona, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 uliyakuta maradhi hayo yamezidi hata kwa binti zao, waliozaliwa kuanzia mwaka 1950, ambao vita hawakuviona.

Dalili za jambo hili zilikuwapo mapema. Jijini London, Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliokuwa wakiendesha vituo vya kulelea watoto wakati wa vita, waliona kwamba mtoto mdogo aliye na mama yake huvumilia mabomu kuliko anavyovumilia kutenganishwa naye. Na katika Ufini yenyewe walikuwapo waliotaka msaada wa Uswidi uletwe majumbani, watoto walishwe na kuvishwa wakiwa na mama zao, ambao wengi waliishi vijijini, mbali na mabomu. Kwa familia hizo, tatizo likiwa chakula na nguo, naamini hilo ndilo lililopasa kufanywa kwanza, na treni zikabaki kwa watoto ambao kweli hawakuwa na pa kujificha.