Ninapima bidii yangu kwa wimbo

Waliosoma shule za msingi Tanzania wanaukumbuka mchakamchaka. Kiongozi anaanzisha wimbo, sisi tunaitikia huku miguu ikipiga chini kwa pamoja. Wimbo ule ndio uliokuwa ukishika mwendo. Anayeweza kuitikia bado ana pumzi ya akiba, na akibanwa, sauti ndiyo inayotangulia kukatika. Ukubwani nimeurudia wimbo kwa sababu hiyo, na ndio ulionifikisha Moshi.

Lengo langu lilikuwa nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21, ile inayokimbiwa kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Urefu haukunitia hofu kama kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka. Mimi nakaa Sinza, Dar es Salaam, mtaa wa tambarare, kwa hiyo mlima wangu wa karibu ni pale Chuo Kikuu. Unavuka barabara ya Sam Nujoma, unaanza kupandisha Mlimani, na miguu inakwambia hali halisi mapema sana.

Simu inanihesabia hatua, na naitumia. Lakini kwake hatua ya kwenda dukani na hatua ya kupanda Mlimani ni kitu kimoja. Hata zile hatua 10,000 tunazohimizana zilianza na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si na utafiti wa madaktari. Kutembea hivyo kuna faida, sikatai. Ila mimi nilitaka kujua nimejituma kiasi gani, na jibu la hilo liko kifuani.

Wataalamu wa mazoezi nao wanatumia kipimo hichohicho. Ukiweza kuongea lakini kuimba kukakushinda, hiyo ni kazi ya wastani. Ukitamka maneno machache tu kisha ukalazimika kuvuta pumzi, hiyo ni nzito. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kwa wiki angalau dakika 150 za kazi ya wastani, au 75 za nzito. Nikajiuliza: katika zile saa ninazosema "nimepiga tizi", ni dakika ngapi hasa zinaingia humo?

Nikanunua daftari la shule na kulichora safu tatu. Ya kwanza ni zoezi nililofanya. Ya pili ni pumzi, na humo naandika neno moja tu: naimba, naongea, au nahema. Safu ya tatu ni ya siku ambazo sikutoka, na sababu yake. Kama nililala, naandika "nimelala". Siandiki mvua wakati ardhi ni kavu. Daftari ni langu, hakuna wa kunipa alama, kwa hiyo sina wa kumpambia maneno.

Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Nilipoisoma kwa mfululizo niliona kwamba "nimelala" nyingi zinaangukia asubuhi inayofuata kikao chetu cha kikoba, ambacho huchelewa kumalizika. Nilikuwa nachoka, basi. Zoezi la siku hiyo nikalihamishia jioni, na nafasi zilizokuwa zikijaa visingizio zikaanza kujaa mazoezi. Ningeandika "mvua", nisingeliona hilo kamwe.

Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:01:09 mwaka 2022, huandika mazoezi yake daftarini kwa mkono. Nikisikia kwamba mtu wa kiwango kile bado anashika kalamu, napata nguvu ya kuishika yangu.

Nina jirani ninayekimbia naye. Tukirudi haniulizi nimekwenda kilomita ngapi. Ananiambia, "Shoga, leo wimbo uliishia wapi?" Mwanzoni uliishia chini kabisa ya mlima. Baadaye ukaanza kuvuka kona, na mizani muda wote huo imekaa palepale. Kama ningekuwa naitegemea mizani peke yake, sidhani kama ningefika wiki ya pili. Kona ile ndiyo iliyokuwa ikinitoa kitandani alfajiri.

Kule Moshi, kwenye mpando wa Mweka, nilikimbia hadi maneno yalipobaki mawili matatu, nikatembea mpaka nikaweza kuongea, kisha nikakimbia tena. Ndivyo nilivyopanga tangu nyumbani. Kwenye mteremko wa kurudi mjini niliimba kwa sauti, na wakimbiaji nisiowajua wakaitikia! Nilimaliza kwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Jirani yangu naye sasa ana daftari lake, na mlima wa Chuo Kikuu bado tunaupanda. Wanaoniuliza waanzie wapi nawaambia waanze na ile safu ya pumzi, hata kabla ya kununua raba mpya.