Hodi ya tatu

Jumapili ile Bibi alidhani mwanawe amemkatia simu.

Tulikuwa nyumbani kwake Ngamiani, Tanga. Masikio yake yalikuwa mazito tangu kitambo, na vispika vya laptopu yangu havikumfaa kitu, kwa hiyo nilimnunulia hedifoni ya Bluetooth yenye kufunika masikio yote mawili. Mchana kutwa aliisikilizia kaswida, macho kayafumba, karidhika. Jioni Mama mdogo akapiga kutoka Uingereza. Picha tulikuwa hatuwashi, bando lingekwisha. Nikapokea, na kaswida ikanyamaza.

"Haloo? Haloo, mwanangu?"

Kimya. Aliita mara nne, kisha akaivua hedifoni taratibu, akaiweka mkekani. "Amechoka kuongea na mimi," akasema. Nikamwambia ni mashine, si Mama mdogo. Hakunijibu. Aliinuka kwenda kutia udhu, na Magharibi ilikuwa bado mbali.

Kilichonisumbua ni kwamba kaswida ilisikika na simu haikusikika, ilhali hedifoni ni ileile. Kwenye Bluetooth, muziki na mazungumzo havipiti njia moja. Muziki hutumwa kwa pakiti za kawaida, yaani vifurushi vidogo vya data: ikipotea moja hutumwa tena, na kwa kuwa hedifoni huweka akiba kidogo, msikilizaji hatambui. Mazungumzo hayawezi kusubiri hivyo. Sekunde moja ya hewani imekatwa vipande 1600, kila kimoja mikrosekunde 625, na vyombo viwili vinapatana mapema vipande vipi vitengwe kwa ajili ya sauti tu. Njia hiyo huitwa SCO. Ile iliyoboreshwa, eSCO, ilikuja na Bluetooth 1.2 mwaka 2003, nayo inaruhusu kipande kilichoharibika kirudiwe. Kwenye laptopu yangu, inayotumia mfumo wa Linux, anayepeleka masharti ya mapatano hayo ni kerneli, kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa vyote.

Usiku Bibi alipolala nikawasha btmon, programu inayoonyesha kila kinachosemwa baina ya Linux na chipu ya Bluetooth. Nikajipigia kwa simu yangu ya mkononi. Ombi la njia ya sauti likatoka. Jibu likarudi na namba 0x20, yaani katika masharti uliyoleta kuna thamani isiyokubalika. Baada ya hapo, hakuna kitu. Nikarudia mara sita au saba: ombi moja, 0x20, kimya.

Kimya hicho ndicho kilichoniuma, kwa sababu nilijua hakikupaswa kuwapo. Ndani ya hci_conn.c, faili mojawapo la msimbo wa kerneli, kuna jedwali dogo la safu tano za masharti kwa simu za kawaida: S3, S2 na S1 za eSCO, halafu D1 na D0 za SCO ya zamani. Kerneli huanza na S3, iliyo bora kuliko zote, na ikikataliwa hushuka safu moja. Aliyeandika jedwali lile alijua kuwa hedifoni za watu hazifanani. Sasa mbona yangu ilikwama safu ya kwanza?

Karibu na saa nane usiku nikaipata sababu, kwenye hci_event.c. Mahali kerneli inapopokea jibu la ombi pana orodha ya namba za kukataliwa: 0x11, 0x1a, 0x1c, 0x1f na nyingine. Jibu likiwa ndani ya orodha, inajaribu safu inayofuata. Lisipokuwamo, njia inahesabiwa imefungwa na kumbukumbu yake inafutwa. 0x20 haikuwamo. Mpaka leo naona orodha ile imekaa kinyume; ingefaa zitajwe namba chache za kukatia tamaa, na zilizobaki zote ziwe sababu ya kujaribu tena.

Asubuhi, Bibi akikaanga vitumbua, nikamweleza bila namba. Kompyuta inapiga hodi kwa hedifoni, hedifoni inasema hivyo hapana, kompyuta inaondoka zake.

"Imepiga hodi ngapi?"

"Moja, Bibi."

"Moja! Nani kaifunza hivyo? Hodi ni tatu." Akageuza kitumbua.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja, "case 0x20:", chini ya wenzake. Sikuijenga kerneli nzima, nilijenga moduli ya Bluetooth peke yake, yaani kipande chake kinachoweza kutolewa na kuingizwa. Kuitoa ile ya zamani ndiko kulikonichukua muda: rmmod, amri ya kutoa moduli, ilikataa kwa kuwa moduli nyingine, btusb, rfcomm na bnep, zilikuwa bado zimeishikilia, ikabidi nizitoe hizo kwanza, moja baada ya nyingine, ndipo mpya ikaingia. Baadaye niliyaandaa marekebisho hayo niyatume kwa watunzaji wa kerneli, nikapakua kwanza msimbo wa karibuni kabisa, nikaukuta mstari uleule umo tayari. Mtu mwingine, mahali nisipopajua, alikuwa amekutana na kimya kilekile. Nilifurahi sana.

Jumapili iliyofuata Mama mdogo akapiga. Nilikaa nyuma ya Bibi, laptopu mapajani, btmon ikiwa wazi. S3: 0x20. S2: 0x20. S1: 0x00, imekubaliwa. Mistari yote mitatu ilipita kabla sijapepesa jicho.

Bibi aliishika hedifoni kwa viganja viwili, akaibana masikioni.

"Ehee. Nakusikia, mwanangu." Kisha, kabla hata ya kuuliza hali ya wajukuu: "Kumbe Jumapili ile hukunikatia."

Jibu sikulisikia, lilikuwa masikioni mwake peke yake. Nilichosikia ni yeye akisema, "Basi, basi mama, usilie," huku upindo wa kanga yake ukienda machoni.