Usiku wa none0

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema Bukavu, alikuwa na sekretaria pale Nyawera: kompyuta nne, printa mbili, na wanafunzi waliojaa mlangoni kila msimu wa kuchapisha kazi za mwisho wa masomo. Mwaka 2022 alinunua mashine mpya iwe seva ya kutunza faili zote, akanikabidhi. Nikaiweka FreeBSD 13.1, mfumo endeshi nilioupenda tangu shuleni na ninaoupenda hadi leo.

Kila kitu kilikwenda sawa hadi hatua ya mtandao. Kwenye orodha ya kadi za mtandao hapakuwa na hata moja. Nikainama nyuma ya mashine: kebo imekaa barabara, taa ya kijani inawaka.

Taa hiyo ndiyo iliyonipoteza. Nilijua kadi ni nzima, basi ubovu uko kwenye kebo. Nikashinda mchana kutwa nakata vichwa na kubana vingine, nyaya nane kwa mpangilio wa rangi zake, mpaka ncha za vidole zikachubuka. Yaya alipita mara tatu bila kusema neno. Wanafunzi walikuwa wanangoja.

Umeme ukakatika. Uliporudi saa tatu usiku niliandika pciconf -lv, amri ya kuorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya mashine, nikasoma mstari kwa mstari. Kwenye FreeBSD kadi hubeba jina la draiva inayoihudumia, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa: em0, bge0, re0. Ya kwangu iliitwa none0, yaani haina draiva. Nilikaa nikiutazama mstari ule. Mfumo umeiona kadi, umeitambua kuwa ni ya mtandao, ila ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, hakuna anayejua lugha yake. Ilikuwa kadi ya gigabiti 2.5, changa kuliko draiva zilizokuja na mfumo. Na ile taa? Kadi na swichi, kile kisanduku cha kuunganishia kebo, husalimiana zenyewe, hazingoji mfumo.

Draiva ilipatikana, lakini kwenye intaneti, na intaneti ndiyo niliyoikosa.

“Yaya, umebakiwa na mega?”

“Kidogo. Usizimalize bure, mdogo wangu.”

Nikachomeka simu yake kwa waya wa USB, nikawasha kugawa intaneti, nikapakia if_urndis, moduli (kipande cha kuongeza kwenye kerneli) ya kuihudumia simu kama hiyo. Simu ikageuka kadi: ue0. Nikaandika dhclient ue0 kuomba anwani ya mtandao, ikaja. Kifurushi cha draiva kikashuka polepole, asilimia moja moja, nami nimeishikilia simu mkononi nikiogopa waya usicheze. Kisha mistari miwili kwenye /boot/loader.conf, faili linalosomwa mashine inapowaka, ili kerneli ichukue moduli mpya badala ya ile yake ya ndani, nikawasha upya.

re0.

Nilimwita yaya kwa sauti kubwa mno kwa saa ile. Akaja, akaketi kwenye kompyuta ya dirishani, akafungua faili la binti mmoja aliyengoja tangu asubuhi, kurasa sitini na kitu, akalituma kwenye printa. Tulisimama wote wawili tukiupokea mkupuo wa karatasi, bado za moto.