Chakula Namna Aipendayo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na Mwanzo 27. Sura hii tumezoea kuihubiri kwa ajili ya Yakobo na baraka ya kaka yake Esau, aliyoichukua kwa hila kwa baba yao Isaka, na ni haki yake. Ila mstari wa 14 tunaupita mbio. Unasema Rebeka, mama yao, alipika chakula kitamu namna ile aliyoipenda Isaka. Wana-mbuzi wawili wa zizini, na mzee akala akidhani anakula mawindo ya Esau! Miaka mingi ya ndoa imo ndani ya sufuria ile. Rebeka anaijua chumvi ya mumewe, anajua nyama anaitaka iiveje. Na ujuzi huo, ambao mtu haupati ila kwa kuishi na mwenzake na kumwangalia anavyokula, siku ile aliutumia kumpiga chenga mume asiyeona.

Jambo hili limenigusa kwa sababu kwetu mpishi wa asubuhi ni mimi. Mke wangu anafanya kazi ya zamu. Akitoka zamu ya usiku anafika nyumbani saa mbili asubuhi, miguu imevimba, na mkate hautaki wala chapati haitaki. Anataka kiporo cha tambi na chai ya rangi yenye tangawizi. Tena si kiporo cha hivi hivi. Tambi ziwe kavu, zimeshika ukoko kidogo, na rosti ya nyanya ikae pembeni kwenye kibakuli, isimwagiwe juu. Pilipili hoho hazili. Ukimwekea atazichambua kipande kimoja kimoja, azipange ukingoni mwa sahani bila kusema neno, ndipo ale.

Wapo ndugu wanaosema huko ni kudekeza, kwamba kiporo ni kiporo, mtu ale kilichopo. Sikubaliani nao. Chakula cha jioni kinapikwa kwa ajili ya nyumba nzima, na mgeni akipita naye anakaribishwa. Kiporo kinapashwa kwa ajili ya mtu mmoja. Hapo ndipo itaonekana kama unamjua.

Na kiporo kizuri kinaanza jioni. Zile tambi ninazojua zitabaki nazitoa mapema kidogo, zikiwa bado zina kiini, kwa sababu kesho zitakutana na moto tena. Nazichuja, nazipaka mafuta kidogo zisigandane, nazitandaza zipoe, kisha naziweka kwenye bakuli lenye mfuniko na kuziingiza kwenye friji kabla muda wa saa mbili haujapita tangu zipikwe. Rosti inakaa kwenye chombo chake. Asubuhi utakuta tambi zimekuwa ngumu kama nyuzi, maana wanga wake unakaza ukipoa. Anayependa laini anyunyizie vijiko viwili vya maji na kufunika. Wangu hapendi laini, kwa hiyo nakaanga kitunguu kwenye mafuta, natandaza tambi kwenye kikaango, moto wa wastani, halafu naacha mkono. Uvumilivu wote uko hapo. Ukikoroga koroga hupati ukoko. Zikianza kutoa harufu ya kukaangika na kingo zikiwa na rangi ya kahawia, nageuza mara moja tu. Rosti inachemka pembeni mpaka itokote kabisa.

Kiporo kilicholala mezani usiku kucha simpi, hata kama ni sahani nzima na hata kama moyo unauma. Kuna bakteria wanaozaliana kwenye wali na tambi zilizoachwa kwenye joto, na sumu yao haiondoki kwa kupasha. Umeme ukikatika usiku kucha, ni vivyo hivyo. Waisraeli nao waliweka mana, chakula walichopewa na Mungu jangwani, hadi asubuhi kinyume cha neno la Musa, ikaingia mabuu na kunuka (Kutoka 16:20). Kutotupa chakula ni jambo jema, lakini kumlisha mtu wako kilichoharibika si kubana matumizi.

Narudi kwenye ujuzi. Anayejua kwamba mwenzake hali hoho anaweza pia kuzikatakata siku ya ugomvi, na kuzijaza. Tunajua nyumba ambazo hasira inasemwa kwa chumvi iliyozidi makusudi, au kwa sahani iliyofunikwa ikapoe huku mtu yupo chumbani. Hakuna jirani awezaye kukuumiza hivyo, kwa sababu jirani hakujui. Mpendwa, kama unatumia hayo unayoyajua juu ya mwenzio kumchoma, acha leo.

Msomeni na Ruthu, sura ya 2. Boazi, mwenye shamba, alimpa Ruthu bisi, yaani nafaka iliyokaangwa, akala akashiba, akasaza. Jioni Ruthu alirudi kwa mkwewe Naomi na shayiri aliyookota, yapata debe zima. Angeweza kusema, mama, tazama, chakula hiki hapa. Lakini shayiri ile bado ilitaka kusagwa na kuokwa, na Naomi alikuwa ameshinda nyumbani akisubiri. Ruthu akatoa na kile alichosaza, kilicho tayari kuliwa, akampa. Nampenda sana Ruthu katika mstari ule wa 18.

Na kwa akina baba wenzangu, hasa ninyi ambao wake zenu wanatoka zamu alfajiri, nawaachia Yohana 21. Wanafunzi walikesha ziwani usiku mzima bila kupata kitu. Walipofika pwani walikuta moto wa makaa umeshawashwa, samaki wako juu yake, na mkate. Aliyepika ni Bwana aliyefufuka, na aliwapikia wavuvi samaki.

Tuombe. Baba, wakumbuke wote wanaofanya kazi usiku huu, wauguzi, walinzi, madereva. Uwarudishe salama. Na sisi tunaowasubiri utuamshe mapema, tuwashe jiko. Katika jina la Yesu, amina.