Shakwe wa mlango wa Sabaki: msimu wa pili, Januari

Wiki hii nimefuta kurasa nne za daftari la msimu uliopita. Kila shakwe wa kahawia niliyemwona hapa mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, nilikuwa nimemwandika "shakwe mweusi, mdogo", yaani ambaye hajakomaa. Nikitazama picha zangu upya naona kuwa wengine si hao kabisa.

Wanaonichanganya ni wawili. Shakwe mweusi, Ichthyaetus hemprichii, huzaliana kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu na pwani ya Oman, kisha hutushukia huku na kaskazi. Shakwe wa Heuglin anatoka mbali zaidi, kwenye tundra ya Urusi, zile nyanda za baridi zisizo na miti. Wakiwa wakubwa hawakupi tabu. Mweusi ana kichwa cha kahawia iliyokoza kama aliyevaa kofia, ukosi mweupe nyuma ya shingo, na mdomo wa manjano-kijani wenye mkanda mweusi na ncha nyekundu. Heuglin ana kichwa cheupe, mgongo wa kijivu kilichokoza na miguu ya manjano. Kazi iko kwa wadogo, maana Heuglin huchukua kama miaka 4 kupata manyoya ya utu uzima, na kila mwaka ana sura nyingine.

Jumamosi nilifika maji yakianza kujaa. Ndio wakati wangu siku hizi: maji yakikupwa ndege hutawanyika kwenye mafungu ya mchanga hadi mbali, yakijaa husukumwa karibu na ufuo. Nikakaa mchangani na darubini. Shakwe mmoja akatua hatua kama ishirini kutoka nilipo, akagombana na kichwa cha samaki. Mdomo wake ulikuwa mrefu, wa kijivu, na ncha nyeusi kama iliyochovywa wino. Kifua cha kahawia, hakina michirizi. Manyoya ya mabawa yana kingo za rangi hafifu, yamepangana kama magamba. Huyo ndiye mweusi mdogo. Nyuma yake akasimama mwingine, mwenye mwili mkubwa kidogo kuliko wake, kifua kimejaa michirizi, mdomo mweusi karibu wote, miguu ya waridi. Heuglin wa mwaka wa kwanza! Nilitetemeka kwa furaha. Dakika zile tano zilinifunza kuliko picha zote za simuni.

Basi utaratibu umebadilika: naandika mdomo kwanza, halafu kifua, halafu miguu. Rangi ya mwili mwisho, kwa sababu jua la saa nne huipausha. Heuglin wakubwa nao huchelewa kumaliza kubadili manyoya. Mwezi huu baadhi yao bado wanaotesha yale marefu ya ncha ya bawa, kwa hiyo bawa huonekana fupi na butu.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona jarife aliniuliza, "Mwanangu, hawa unawahesabia nini?" Nikampa darubini auone ule ukosi mweupe. Alitazama kwa muda, kisha akaniambia kwamba wao baharini huwatazama zaidi wale wembamba wenye mkia wa panda, buabua. Wakijitosa kwa wingi mahali pamoja, chini yao jodari wanawasukuma dagaa juu.

Bamvua ijayo nitaanza na buabua wenye kishungi: aina kubwa yenye mdomo wa manjano, na aina ndogo yenye mdomo wa chungwa. Ukurasa wao nimeshaupiga mistari.