Wimbo Uliimbwa, Mtoto Yuko Lo-debari

Neno: 2 Samweli 9:1-13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita kazini kwetu tuliwaenzi ndugu za wafanyakazi waliotumika jeshini na ambao sasa ni marehemu. Kila aliyefiwa na ndugu wa namna hiyo aliombwa alete picha na jina. Picha zikapangwa juu ya meza karibu na mlango, nyingine zimefifia kiasi kwamba unaona kofia na vifungo tu. Majina yakasomwa, tukasimama kimya dakika mbili, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Katika zile picha nilimwona baba wa dada mmoja ambaye meza yake inatazamana na yangu. Miaka sita tumekaa hivyo. Sikujua kwamba baba yake alikuwa askari, wala kwamba alifariki akiwa kazini yeye akiwa bado darasa la pili. Kila asubuhi namsalimu, tena kwa moyo, lakini jambo hilo sikuwahi kulijua kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Usiku nikaifungua sura hii ya 9, na nikaiona tofauti na nilivyozoea kuihubiri.

Yonathani, mwana wa mfalme Sauli na rafiki mpendwa wa Daudi, alikufa vitani katika mlima Gilboa. Daudi alimlilia kwa machozi ya kweli, akamtungia maombolezo, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe wimbo huo. Hiyo ni 2 Samweli 1. Sasa hesabu miaka. Siku habari za msiba zilipofika, mwana wa Yonathani, Mefiboshethi, alikuwa na umri wa miaka 5. Yaya alimnyakua akakimbia naye, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Tunapomkuta katika sura ya 9 ni mtu mzima, ana mtoto wake mdogo aitwaye Mika. Muda wote huo wimbo wa kumsifu baba yake ulikuwepo, naye alikuwa katika mji wa Lo-debari, akiishi katika nyumba ya mtu mwingine, kwa Makiri. Vita vilimfikia mtoto ambaye hakuona mkuki hata mmoja, vikabaki naye miguuni.

Daudi hakukosea kutunga wimbo. Nami siwalaumu walioandaa meza yetu, nawashukuru sana. Lakini ilifika siku mfalme akauliza kama kuna aliyesalia katika nyumba ya Sauli, amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Swali lile ndilo lililomtoa Mefiboshethi Lo-debari.

Tazama pia alivyotendewa alipofika. Neno la kwanza aliloambiwa ni asiogope, maana mjukuu wa mfalme aliyepita alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Akajiita mbwa mfu. Daudi hakuanza kubishana naye juu ya jina hilo. Alimwita Siba, mtumishi wa nyumba ya Sauli, akamkabidhi kazi ya kulima mashamba ya Sauli, yeye na wanawe 15 na watumishi wake 20, ili mavuno yawe ya Mefiboshethi. Heshima kwa marehemu ikageuka kuwa shamba na chakula. Wewe uliyepewa kuongoza watu kazini, nakusihi: mfanyakazi akiomba ruhusa kwenda kwenye kumbukumbu ya kaka yake aliyefia jeshini, au kumsindikiza mama kufuatilia mafao ya marehemu, usimfanye ajieleze mara tatu.

Kuna ndugu mmoja hakuleta picha. Aliniambia kaka yake alirudi kutoka vitani mwili tu, akawa mlevi na mkali, wakaachana kwa ugomvi, kisha akafa. "Sina cha kuweka mezani," akasema. Sikumshawishi. Ila nimekumbuka orodha ya mashujaa wa Daudi, watu 37, katika 2 Samweli 23. Jina la mwisho ni Uria Mhiti, yule ambaye Daudi mwenyewe aliagiza awekwe mahali pa kufa. Jina linaloleta aibu halikufutwa. Ndugu huyo akija siku moja na picha, apewe nafasi. Asipokuja, bado ni mfiwa kama wengine.

Mwingine alileta picha ya babu, lakini fomu ilidai kikosi, cheo na mwaka wa kufa, naye hakuwa na kimojawapo. Familia inajua tu kwamba babu alichukuliwa na jeshi asirudi. Asidhani yuko peke yake. Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917 kwa nia ya kumkumbuka kila aliyekufa kwa jina lake. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri kwamba waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nilifurahi kuona picha ya yule babu ikiwekwa mezani na nafasi zote za fomu zikiwa wazi.

Wiki hii tuwaombee wafiwa hawa, hasa ambao majina ya ndugu zao hayakusomwa.

Jumatatu nilivuta kiti nikakaa upande wa pili wa meza ya yule dada. Nikamwuliza, "Dada, nyumbani baba mlikuwa mnamwitaje?" Akaweka kalamu chini, akacheka kidogo, akaniambia. Kisha akaniambia na mengine, mpaka saa ya chakula ikatupita.