Jaketi nililipata Mwanjelwa, ubao nikaununua Austria

Sisi wa Mbeya baridi tunaijua. Mwezi wa 6 na wa 7 mtu hatoki alfajiri bila koti, na ukipanda Kitulo au Makete unakuta majani yameganda barafu. Ndiyo maana kila aliyesikia nakwenda Austria kwa msimu wa theluji, Desemba hadi Aprili, kujifunza kuteleza mlimani kwa ubao (snowboard), aliniambia ninunue jaketi nene kuliko yote sokoni. Ushauri huo sikuufuata, na wewe usiufuate. Theluji ni maji. Anayejifunza kuteleza anaanguka na kuikalia siku nzima, inayeyuka kwa joto la mwili wake, kisha upepo unamkuta amelowa. Jaketi lina kazi ya kuzuia maji na upepo na kuruhusu jasho litoke. Joto linatoka kwenye nguo za ndani.

Majaketi ya theluji yanaletwa soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, ndani ya mabelo ya nguo za baridi, yamechanganyika na makoti ya kawaida ya mjini. Nililitambua kwa alama nne. Ndani, usawa wa kiuno, kuna sketi fupi yenye lastiki na vifungo, inayozuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Chini ya kwapa kuna zipu za kutolea joto. Kofia yake ni kubwa kiasi cha kupita juu ya helmeti. Na kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja, kuna kimfuko kidogo cha kadi ya kupandia lifti za mlimani.

Kisha soma lebo. Utaona namba mbili, kila moja kama 10,000 au 20,000. Namba ya kwanza ni ya maji: 10,000 maana yake kitambaa kinahimili safu ya maji ya milimita 10,000, yaani mita 10, kabla hakijapitisha. Ya pili ni gramu za mvuke wa jasho zinazotoka katika mita moja ya mraba kwa saa 24. Chini ya 10,000 sikugusa. Kwa theluji kavu ya Januari hiyo inatosha, ila Machi na Aprili theluji inakuwa nzito na yenye maji, kwa hiyo nilitafuta 15,000 kwenda juu.

Lakini namba kwenye jaketi la mtumba ni ya siku lilipotoka kiwandani. Geuza ndani nje. Kila mshono unatakiwa uwe umefunikwa na utepe mwembamba unaong'aa. Pitisha ukucha kwenye utepe wa bega na wa kofia, maana hapo ndipo unapoanza kuachia. Jaketi moja nililoshika lilikuwa zuri ajabu kwa nje, halijachanika popote. Nilipokwangua bega kidogo, utepe ukainuka mzima kama ganda la kitunguu, na chini yake unga mweupe ukabaki kidoleni. Unga huo ni utando wa kuzuia maji uliokwisha kuoza kwa unyevu wa miaka mingi. Haurudishiki kwa dawa yoyote. Ukisikia ndani kunanata, au kuna harufu kali ya uchachu, rudisha mezani.

«Kaka, hilo ni kamera, halijavaliwa hilo,» muuzaji aliniambia kuhusu la pili, yaani mtumba wa daraja la kwanza. Nilimwomba maji kikombe kimoja. Nilikunja bega la jaketi likawa kama bakuli, nikamimina, nikasubiri dakika 10 huku nimeweka karatasi ya chooni kwa chini. Karatasi ilibaki kavu. Alianzia shilingi 45,000, tukamalizana kwa 30,000.

Jaribio la kweli nililifanyia Tukuyu, kwenye mvua isiyo na haraka ya kukatika. Ndani vaa fulana ya kijivu, kwa sababu kijivu kinaonyesha hata tone moja, kisha tembea saa mbili ukiwa na begi mgongoni. Begi ni la lazima, maana mkanda wake unasukuma maji ndani ya kitambaa kama makalio yanavyoyasukuma ukikaa kwenye theluji. La kwangu lilipita, ila nje maji yalikuwa yanazama badala ya kuteleza. Hiyo ni dawa ya juu imechoka tu. Nililifua kwa sabuni kidogo ya maji, si ya unga, wala dawa ya kulainisha nguo, nikasuuza mara mbili. Lilipokauka nikapitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba. Matone yakaanza tena kukimbia.

Za ndani ni rahisi: fulana ya mikono mirefu ya sufu laini au poliesta, na sweta la flisi. Pamba hapana kabisa, inashika jasho na kukugandisha. Jaketi lenye manyoya ya bata nalo niliacha. Yakilowa yanashikana na joto linaisha.

Ubao ni habari nyingine. Mbeya hauuzwi, na kuusafirisha kwa ndege ni gharama bure. Niliukodi siku tatu kwanza, ndipo nikanunua uliotumika. Anza na buti, maana buti mbaya huwezi kuisahihisha kwa ubao mzuri. Simama jioni, kisigino ukutani, pima kila mguu mpaka ncha ya kidole kirefu. Wangu ni sentimita 27.5, na namba hiyohiyo ndiyo saizi ya buti. Ukisimama wima vidole viguse mbele. Ukikunja magoti virudi nyuma kidogo. Kisigino kikiinuka hata kidogo, acha. Vaa soksi moja nyembamba ya sufu. Soksi mbili zinabana damu, na miguu inakuwa baridi zaidi.

Urefu wa ubao unafuata uzito kuliko kimo. Nina kilo 72, jedwali la mtengenezaji likanipa sentimita 153 hadi 157; anayejifunza achukue wa chini, nami nikachukua 154. Upana wa katikati ni milimita 252. Buti ikizidi ukingo kwa sentimita 1 au 2 ni sawa. Ikizidi hapo, vidole vinakwangua theluji kwenye kona na unaruka. Ugumu nilichagua 3 kati ya 10. Umbo nilitaka lililopinda juu kidogo kati ya miguu na kunyanyuka kuelekea ncha zote mbili, kwa sababu ubao wa upinde mtupu unauma theluji kwa ukingo usioutaka na kukubwaga kifudifudi mahali tambarare.

Ubao uliotumika uangalie kwa urefu kama fundi anavyoangalia mbao: usiwe umejipinda. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chuma kutafuta ufa. Bonyeza juu kwa dole gumba. Pakibonyea, tabaka zimeachana. Mkwaruzo chini unazibika, ila ukiona mbao ya ndani, maji yameshaingia.

Vifungio vinavyoshika buti kwenye ubao nilivifunga vidole vya mguu wa kushoto vikigeuka digrii 15 mbele, vya wa kulia digrii 6 nyuma. Kujua mguu upi utangulie, vaa soksi uteleze kwenye sakafu laini, uone upi unaukimbiza mbele bila kufikiri. Kila kifungio changu kina skrubu nne. Ukishuka mara mbili za kwanza, toa bisibisi ya nyota namba 3 na uzikaze zote nane upya, kwa sababu mtetemo wa asubuhi ya kwanza huwa unazilegeza.